Nani Mlezi wa Mti wa Barabarani?

Basi linalotoka Singida mjini kuelekea Nzega, Shinyanga na Mwanza haliendi mbali kabla ya kufika Iguguno. Ni mji wa njiani katika wilaya ya Mkalama, maduka yake yametazamana na lami, na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yanapita mbele ya mlango. Anayetaka kujua bei ya kivuli apite hapo mwezi wa Oktoba, saa saba mchana. Bodaboda wamebanana chini ya mti mmoja. Muuza vitunguu kafunga turubai. Anayesubiri basi kasimama nyuma ya nguzo ya umeme, akijistiri kwa kivuli chembamba kama mkanda.

Singida ni mkoa wa mvua za msimu mmoja. Huanza Novemba, mara nyingine Desemba, zikaisha Aprili. Kwa mwaka mzima jumla yake kwa kawaida ni milimita 600 hadi 700 tu. Baada ya hapo ni miezi sita ya ukame na upepo, upepo ule ule ambao wawekezaji wamekuwa wakiupigia hesabu ya kuzalisha umeme. Alizeti inavumilia hali hiyo. Mche uliotoka kwenye kiriba wiki iliyopita hauivumilii.

Hata hivyo, haiwezi kusemwa kwamba Tanzania haipandi miti. Kaulimbiu ya "kata mti, panda mti" imezoeleka tangu shule ya msingi. Siku ya Upandaji Miti Kitaifa iliadhimishwa 1 Januari kwa miaka mingi, kisha waraka wa Waziri Mkuu wa mwaka 2000 ukaihamishia 1 Aprili, na miaka ya karibuni imekuwa ikienda sambamba na Siku ya Misitu Duniani, 21 Machi. Kila halmashauri imepangiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365, unapata zaidi ya miti 4,000 kila siku inayopambazuka, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hakuna anayeweza kusimama na kopo la maji mbele ya miche mingi kiasi hicho.

Sherehe yenyewe kila mtu anaijua. Shimo limechimbwa jana yake, mgeni rasmi anavishwa glovu, mche unashushwa, maji yanamiminwa, kamera zinafanya kazi yake, na kibao chenye jina na cheo kinasimikwa pembeni. Miezi sita baadaye kibao kipo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika upandaji miti wa hadhara tumekuwa hodari wa kuzaa.

Mti wa shambani una mwenyewe. Mti wa uani una mama mwenye nyumba. Wa msituni una Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, au una kijiji. Mti wa barabarani, ule unaotoa kivuli kwa mtu asiyejulikana jina, unasimama kwenye ardhi yenye wakubwa wengi na mlezi haonekani. Katika mji kama Iguguno, ardhi inayopakana na lami ya njia kuu ni hifadhi ya barabara chini ya TANROADS. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wenye nyumba waliokuta alama ya X ukutani wanayakumbuka mabadiliko hayo vizuri. Barabara za ndani ni za TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Juu zinapita nyaya za TANESCO, ambao wakija kusafisha njia ya umeme hawaulizi mti ulipandwa na nani. Halmashauri ina ofisa misitu au mazingira, lakini wilaya ni kubwa na ofisi iko Nduguti.

Kila mmoja kati ya hao ana uwezo wa kuukata mti. Wa kuumwagilia hayumo kwenye orodha.

Miji mingine duniani ililijibu swali hili kwa njia ambayo mtu wa Iguguno ataielewa mara moja: iliunda kamati. Marekani, ambako Arbor Day, siku ya kupanda miti, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza jimboni Nebraska tarehe 10 Aprili 1872, miji mingi, mikubwa kwa midogo, ina bodi au tume ya miti yenye wajumbe wa kujitolea. Wajumbe ni mwalimu mstaafu, fundi bustani, mwenye duka, mama wa nyumbani. Wanateuliwa na baraza la mji, wanakutana kwa ratiba, hawalipwi mshahara. Kazi yao ni kujua mji una miti mingapi na iko wapi, kupendekeza aina zinazofaa kupandwa kando ya barabara na zisizofaa, kupokea maombi ya mtu anayetaka kukata mti ulio mbele ya duka lake, na kulikumbusha baraza kutenga fedha. Tangu 1976 taasisi ya Arbor Day Foundation imekuwa ikitoa hadhi ya "mji wa miti" kwa miji inayotimiza masharti manne: kuwe na bodi au idara inayowajibika kwa miti, kuwe na sheria ndogo ya kuitunza, kuwe na mpango wenye bajeti isiyopungua dola mbili kwa kila mkazi, na kuwe na siku ya mti inayotangazwa rasmi. Miji zaidi ya 3,000 imepata hadhi hiyo. Sherehe ni sharti moja kati ya manne.

Jiji la New York lilifika mbali zaidi. Mwaka 2015 lilihesabu miti yote ya barabarani, mmoja mmoja, kwa msaada wa watu zaidi ya 2,000 waliojitolea, na hesabu ikafikia miti 666,134. Jijini humo kuna mafunzo ya raia wa kawaida wanaotaka kujifunza kupogolea matawi. Anayehitimu anapewa kibali cha kuugusa mti wa umma kwa msumeno wa mkono. Melbourne, Australia, iliipa miti yake namba na anwani za barua pepe mwaka 2013 ili wakazi waripoti tawi lililovunjika. Wakazi wakaanza kuiandikia miti barua za mapenzi. Ni kichekesho, lakini mtu anayeuandikia mti barua hauachi ukauke.

Yote hayo ni mbali na ni ya watu wenye hela. Tusogee.

Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji. Hapo ndipo ilipoanzia harakati ya Green Belt, ambayo kwa sasa inahesabu miti zaidi ya milioni 50. Wengi wanamkumbuka Maathai kwa Tuzo ya Nobel ya 2004 na kwa vita vyake vya kuinusuru Uhuru Park na msitu wa Karura. Kuna jambo dogo la kihasibu ambalo halisemwi sana, na pengine ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko hotuba: wanawake wa vikundi vyake walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Mche uliopandwa ukafa haukuwa na malipo. Kwa kanuni hiyo moja, macho ya watu yalihama kutoka siku ya kupanda kwenda miezi inayofuata.

Miaka 43 baadaye, jijini humo humo, barabara ya juu iliyokuwa ikijengwa ilifika kwenye mgumo mkubwa wa Waiyaki Way, mti wenye umri unaokadiriwa kuzidi miaka 100, wenye heshima ya kimila kwa Wakikuyu. Ilipojulikana kwamba ungeng'olewa, wanaharakati na wakazi walipiga kelele hadi Novemba 2020 likatolewa tamko la Rais la kuulinda, na usimamizi wake ukakabidhiwa mamlaka ya jiji. Mti mmoja uliokolewa kwa tamko la mkuu wa nchi. Ni ushindi mzuri, lakini haurudiwi kwa kila mwarobaini wa kila stendi, marais hawatoshi.

Mkoa wa Singida wenyewe una somo lililo karibu zaidi. Miaka ya 1990, msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa takribani hekta 40,000, ulikuwa katika mpango wa kufanywa hifadhi ya serikali. Badala yake usimamizi ukaachiwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikaunda kamati, kikatunga kanuni za nani aingie na achukue nini, na walinzi wakatoka miongoni mwa wanakijiji. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati zikawa mifano iliyosomwa na watunga sera kabla ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kuupa utaratibu huo nguvu rasmi. Mkoani Shinyanga nako, mradi wa HASHI ulioanza 1986 uliwarudishia Wasukuma utaratibu wao wa zamani wa ngitili, eneo linalofungwa ili nyasi na miti vichipue. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefufuka katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Basi, uwezo wa wanakijiji kulinda mti si jambo la kubishaniwa tena. Kilichokosekana ni kuuhamisha ujuzi huo kutoka msituni kuuleta stendi.

Na sheria haizuii; inaagiza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inataka kuwe na kamati ya mazingira katika kata, kijiji, mtaa na hata kitongoji. Wajumbe ni wakazi, hawana mshahara. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu wa kijiji, ikathibitishwa na halmashauri, na faini ikatozwa kihalali kwa anayefungia mbuzi kwenye mche wa umma. Kwa maneno mengine, ile bodi ya kujitolea ambayo mji wa Marekani unajivunia imo katika sheria zetu kwa zaidi ya miaka 20. Sehemu nyingi kamati hizo huamka mlipuko wa kipindupindu unapotokea, zikakagua vyoo, kisha zikalala. Miti haijawahi kuwa ajenda yao ya kudumu.

Ingekuwa ajenda, kazi ingeanza na kalenda. Tarehe ya kitaifa ya Machi au Aprili inafaa pwani na kaskazini ambako masika ndiyo kwanza yamekolea. Iguguno wakati huo mvua inafunga mizigo. Mche wa mkoa wa kati unatakiwa uwe ardhini Desemba au Januari, mara udongo unapolowa vizuri, ili upate miezi mitatu ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Maana yake mashimo yachimbwe Oktoba, na kitalu kiwe kimeanza kujaza viriba miezi minne au mitano kabla ya msimu. Kamati inayongoja gari la miche Machi imeshachelewa.

Shimo la nchi kavu ni sentimita 60 kwa 60 na kina kama hicho. Udongo wa juu huwekwa kando, ukachanganywa na samadi iliyooza, ukarudishwa chini kwenye mizizi. Uso wa shimo uachwe umebonyea ili kila tone la mvua likimbilie kwenye shina, na juu yake yatandazwe majani makavu au maganda ya alizeti, kitu ambacho Singida hakikosekani. Kiriba kivuliwe, inasikitisha ni miche mingapi huzikwa na plastiki yake.

Halafu maji. Mche mmoja ukipata ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, kwa wiki 26 za kiangazi unahitaji ndoo 26. Miche 200 ni ndoo 5,200. Hapo ndipo hamasa ya sherehe huvunjikia, kwa sababu maji ya Iguguno yana foleni na bei. Lakini hesabu hiyo hiyo ikigawanywa inabadilika sura: mwenye duka mmoja, mche mmoja, ndoo moja kwa wiki. Maji aliyosuuzia nguo au mboga yanatosha, ilimradi yasiwe na mafuta, chumvi wala sabuni nyingi. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa shingo chini pembeni ya mche hudondosha maji taratibu pasipo kuyapoteza kwa jua. Kazi ya kamati hapa ni kuandika daftari: mche namba fulani, mbele ya duka la fulani, uko hai au umekufa. Daftari la shilingi elfu mbili lina faida kuliko kibao cha mgeni rasmi.

Adui wa pili, baada ya kiu, ni mbuzi. Uzio wa miba wa kimo cha kifua unatosha, na miba ya migunga haiuzwi dukani. Wa tatu ni mchwa, wanaopenda hasa mche wenye kiu. Wa nne ni binadamu mwenye hasira ya kwamba mti unaziba bango lake. Huyo humwaga maji ya moto usiku. Kwa huyo ndipo sheria ndogo inapohitajika.

Kuhusu aina, mwarobaini unastahili nafasi ya kwanza, hata kama umezoeleka mno. Unavumilia mvua chache, unabaki na majani wakati mingine imepukutisha, na ndani ya miaka mitano hivi unaanza kutoa kivuli cha maana. Saudi Arabia ilipanda takribani miarobaini 50,000 katika uwanda wa Arafa kuwakinga mahujaji na jua. Kama umewafaa pale, hautashindwa na stendi ya Singida. Nchini Niger, bonde la Majjia lilipandwa safu za mwarobaini kuanzia 1975 kuvunja upepo, na mavuno ya nafaka nyuma ya safu hizo yakapanda. Mjohoro nao hukua haraka. Mkwaju na mkuyu ni wenyeji, huchelewa, lakini huishi kuliko waliopanda. Muashoki, ule mwembamba uliosimama wima kila mbele ya ofisi mpya, ni pambo. Chini yake hawezi kukaa hata kuku. Mkaratusi ubaki shambani, mbali na kisima.

Mahali pa kupanda pana uzito kama aina. Chini ya nyaya za umeme usipande mti utakaofika mita 15, kwa sababu siku TANESCO watakapokuja watauacha nusu. Kwenye kona na njia panda mti haupaswi kumziba dereva. Karibu na lami ya njia kuu usipande bila kibali cha TANROADS, kwa sababu za usalama na kwa sababu barabara ikipanuliwa kazi yote inakwenda na greda. Sehemu salama zaidi ni ukingo wa nje wa hifadhi, barabara za ndani, uwanja wa shule, zahanati na soko. Mjumbe wa kamati mwenye ramani ya mkono na kibali mkononi ameshamaliza nusu ya ugomvi wa baadaye.

Mti ukishika, kazi haijaisha. Mwaka wa pili na wa tatu matawi ya chini hupogolewa kiangazi ili shina lipande juu ya kichwa cha mtu na baadaye juu ya turubai la lori. Tawi likatwe karibu na shina bila kulichuna gome, kwa msumeno. Panga huacha kidonda kinachooza. Mti uliofundishwa ukiwa mdogo hauangukii paa la mtu ukizeeka. Na kisiki cha mgunga kilichoachwa kando ya barabara kisidharauliwe. Dodoma, kampeni ya Kisiki Hai imewaonyesha wakulima kwamba kisiki chenye mizizi hai kikichaguliwa machipukizi mawili matatu na mengine kuondolewa, hurudi kuwa mti haraka kuliko mche wa kitaluni, bila ndoo hata moja.

Itaulizwa nani atajitolea bure. Swali ni halali, kwa sababu neno kujitolea limetumiwa vibaya hadi watu wamelichoka. Lakini hapa wanaofaidi wanajulikana kwa sura. Wakala wa ulinzi wa mazingira wa Marekani unaeleza kwamba uso wa kitu kilicho kivulini unaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko uso wa kitu kisicho na kivuli wakati wa jua kali. Kwa muuza nyanya, hiyo ni tofauti ya bidhaa kulala nzima au kuoza. Kwa mama lishe ni wateja kukaa au kupita. Chama cha bodaboda kinachokaa chini ya mti mmoja kwa miaka kumi kina sababu ya kuulea wa pili. Kamati haihitaji malaika. Inahitaji kuwapa watu hawa namba ya mti na kuwatembelea mwisho wa mwezi. Halmashauri nayo ikichangia, ifuate hesabu ya Maathai: ilipie miti iliyo hai baada ya mwaka, isilipie mashimo.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa Septemba ndio wenye faida kwa miti, kwa sababu mashimo ya Oktoba bado hayajachimbwa. Mkazi wa Iguguno, au wa mji wowote wa njiani anayesoma haya, aende siku hiyo na swali moja kwa mwenyekiti: kamati yetu ya mazingira ina wajumbe gani, na nani kati yao anashika daftari la miti?